Vizzy Hakujipa Unahodha

Katika historia ya kriketi ya India hakuna mtu anayechekwa kwa raha kama Maharajkumar wa Vizianagram, ambaye ulimwengu wa mchezo huo ulimfupishia jina akawa Vizzy. Ndiye aliyeiongoza timu ya taifa katika ziara ya Uingereza ya mwaka 1936, na tangu hapo vitabu, makala na soga za mashabiki vimekuwa vikirudia hukumu ileile: India ilikuwa na wachezaji wazuri, mwanamfalme mmoja asiyejua mchezo akajipatia unahodha kwa fedha zake, akapanda fitina, akamfukuza mchezaji bora, na ziara ikaharibika. Hukumu hii ina utamu wake. Ina mjinga, ina shujaa aliyeonewa, na mwishoni inakuja tume kusema ukweli. Tatizo ni kwamba haielezi kwa nini India ilishindwa.

Isidhaniwe kwamba Vizzy anatafutiwa wakili. Mashtaka mengi dhidi yake yanasimama. Katika mechi tatu za Testi (mechi rasmi za timu za taifa) alipata mikimbio 33 kwa zamu sita za kupiga, na hakurusha mpira hata mmoja. Inasimuliwa kwamba alisafiri na mizigo 36 na watumishi wawili, na kwamba aliwahi kumzawadia nahodha wa timu pinzani saa ya dhahabu ili arushiwe mipira laini. Mushtaq Ali, aliyekuwa mfunguzi wa timu, alisema nahodha wake alimtaka amsababishie mwenzake Vijay Merchant kutolewa akiwa anakimbia. Mtu wa namna hiyo hakustahili kuongoza hata timu ya mtaa. Lakini kukubali kwamba mtu ni mpuuzi ni jambo moja, na kumtwisha peke yake aibu ya taifa zima ni jambo lingine kabisa.

Ubao wa matokeo ndio shahidi wa kwanza, na ajabu ni kwamba wanaomlaani Vizzy huupita haraka. Mwaka 1936 India ilipoteza Testi ya Lord's kwa wiketi 9, ikatoka sare Old Trafford, kisha ikapoteza tena kwa wiketi 9 pale Oval. Mbili kwa bila, na sare moja. Sasa turudi misimu miwili nyuma, majira ya baridi ya 1933 na 1934, England ilipokuja India chini ya Douglas Jardine. Nahodha wa India alikuwa C. K. Nayudu, yule yule ambaye kila mkosoaji wa Vizzy humtaja kuwa ndiye aliyestahili cheo hicho. Alikuwa nyumbani, kwenye joto alilolizoea, mbele ya umati uliomwabudu. Bombay India ilipoteza kwa wiketi 9, Calcutta ikapata sare, Madras ikapoteza kwa mikimbio 202. Mbili kwa bila, na sare moja. Nahodha bora na nahodha mbovu walileta hesabu ileile, isipokuwa yule bora aliileta akiwa kwao.

Hadithi haikubadilika hata Vizzy alipoondoka. India ilishinda Testi yake ya kwanza Februari 1952 mjini Madras, chini ya Vijay Hazare, na hiyo ilikuwa Testi ya 25 ya India. Kati ya zile 24 zilizopita bila ushindi, Vizzy aliongoza tatu tu. Nyingine 21 ziliongozwa na watu waliojua mchezo. Mwenye kusema mwanamfalme huyu ndiye aliyeizuia India kushinda anapaswa kueleza ni nani aliyeizuia katika hizo 21.

Lord's yenyewe inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo mechi iliyochezwa mara tu baada ya Lala Amarnath, yule mchezaji bora aliyefukuzwa, kurudishwa nyumbani, na ndiyo inayotolewa kama kithibitisho cha maafa. India ilitolewa yote kwa mikimbio 147. England, kwenye uwanja uliowafaa warushaji, ikatolewa kwa 134, maana Amar Singh alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 35 tu. Yaani timu ya nahodha yule mbovu ilikuwa mbele baada ya kila upande kupiga mara moja. Ilianguka zamu ya pili, ikaishia 93, na aliyeiangusha ni Gubby Allen, aliyechukua wiketi 10 katika mechi hiyo. Nahodha anaweza kuwapanga vibaya wadakaji wake na kuwachosha warushaji wake. Hawezi kuwapigia wenzake kumi.

Hapa mtetezi wa hukumu iliyozoeleka ana jibu, na si jibu la kudharauliwa: Amarnath angekuwapo, 93 zingekuwa nyingi zaidi. Huenda. Alikuwa mchezaji wa Kihindi aliyeng'aa kuliko wote hadi wakati ule wa ziara. Dhidi ya Essex alipata mikimbio zaidi ya mia katika kila moja ya zamu zake mbili, na alirusha vizuri pia. Pengo lake lilikuwa kubwa. Lakini Amarnath alikuwapo Bombay mwaka 1933, akapiga 118, mia ya kwanza ya Mhindi katika historia ya India kwenye Testi, na India ikapoteza kwa wiketi 9 vilevile. Akacheza pia Calcutta na Madras. Mchezaji mmoja mkubwa hakutosha nyumbani. Ni imani ya ajabu kudai kwamba angetosha ugenini.

Isitoshe, siku nzuri kuliko zote katika ziara ile ilipatikana chini ya nahodha huyo huyo. Julai 27, siku ya pili ya Testi ya Old Trafford, England iliongeza mikimbio 398, ikafunga zamu kwa 571 wiketi 8 zikiwa zimeanguka, kisha Merchant na Mushtaq Ali wakaingia na kufikisha 190 kabla ya jua kuzama bila wiketi hata moja kuanguka. Jumla mikimbio 588 kwa siku moja, rekodi ambayo haijawahi kuvunjwa katika Testi. Kesho yake wawili hao wakafikia 203 ndipo ushirikiano wao ukavunjika. Mushtaq akatoka na 112, mia ya kwanza ya timu ya India kwenye Testi ugenini, Merchant na 114. Hakuna anayempa Vizzy sifa kwa siku ile, na ni haki asipewe. Ila basi mizani iwe moja: ikiwa ushindi wa wapigaji ni wao wenyewe, kushindwa kwao pia kuna sababu zao.

Sababu hizo zilikuwapo muda mrefu kabla ya meli kung'oa nanga, na ya kwanza ni namna timu ilivyopatikana. Amar Singh, mrushaji ambaye England ilimhofia kuliko wote, hakuwa na timu kwa ziara nzima. Alikuwa ameajiriwa na klabu ya Colne, mji mdogo wa viwanda vya pamba katika Lancashire, na aliwachezea wenzake pale tu alipopata ruhusa. Klabu ya wafanyakazi wa viwanda iliweza kumlipa mshahara ambao kriketi ya India, pamoja na maharaja wake wote, haikumpa. Jahangir Khan alikuwa mwanafunzi Cambridge. Siku chache baada ya Testi ya Lord's alikuwa uwanja uleule akikichezea chuo chake dhidi ya MCC, klabu iliyokuwa ikituma timu za England ziarani, na mpira wake mmoja ukampiga shomoro akafa; ndege huyo alikaushwa, na bado yupo katika makumbusho ya Lord's. Dilawar Hussain naye aliazimwa kutoka Cambridge. Taifa lililotuma timu ya kukopakopa, mrushaji wake mkuu akiomba ruhusa kwa bwana mwingine, halikuhitaji nahodha mbaya ili lishindwe.

Ya pili ni ukosefu wa mashindano. England ilikuwa na kaunti 17 zilizochuana majira yote ya joto, na ubingwa wao rasmi ulianza mwaka 1890. India ilipata mashindano yake ya kitaifa, Kombe la Ranji, msimu wa 1934 na 1935. Wachezaji wa 1936 walikuwa na misimu miwili tu ya kuchuana mkoa kwa mkoa. Kabla ya hapo mashindano makubwa yalikuwa yale ya Bombay, ambako timu ziliundwa kwa dini na jamii: Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wazungu. Hata hayo yalisimama kuanzia 1930 hadi 1933, wakati wa vuguvugu la kupinga utawala wa Kiingereza. (Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kuona klabu za kriketi zilizogawanyika kwa Waismailia, Wapatel na Wagoa atautambua mpangilio huo mara moja, ulivuka bahari pamoja na wachezaji wenyewe.) Kwa hiyo kizazi kilichopaswa kukomaa kufikia 1936 kilikosa miaka minne ya mechi ngumu, kisha kikapewa miwili ya harakaharaka.

Kuhusu fitina, simulizi inayopendwa ni ya methali ile ya samaki mmoja akioza. Eti Vizzy ndiye aliyeleta harufu. Lakini kapu lilikuwa linanuka tangu 1932, na Vizzy hakuwamo safarini mwaka ule. Alikuwa ameteuliwa katika uongozi wa timu, akajitoa. Aliyepewa unahodha baada ya Maharaja wa Patiala kujitoa alikuwa Maharaja wa Porbandar, ambaye katika mechi zake zote za daraja la kwanza kwenye ziara ile alipata mikimbio miwili. Miwili, si mia mbili. Porbandar alijijua, akajiweka kando Testi ilipofika, na Nayudu akaongoza pale Lord's. Hapo ndipo lilipozuka lingine: inasimuliwa kwamba baadhi ya wachezaji walimwendea Porbandar kukataa kucheza chini ya Nayudu, hadi Patiala alipotuma simu ya maandishi kutoka India kuwaamuru watii. Nayudu huyohuyo! Mtu wa kawaida aliyepanda kwa uwezo wake alikataliwa na wenzake kwa sababu hakuwa wa ukoo wa kifalme, na amri ya kumkubali ikabidi itoke kwa maharaja.

Asubuhi yenyewe ya mechi ile, Mohammad Nissar aliwatoa Herbert Sutcliffe na Percy Holmes, waliokuwa siku chache tu nyuma wamefungua zamu ya Yorkshire kwa mikimbio 555, na England ikajikuta na 19 kwa wiketi 3. India ilipoteza kwa mikimbio 158. Uwezo wa kurusha ulikuwapo. Mgawanyiko ulikuwapo. Mfumo wa kuongozwa na wana wa wafalme ulikuwapo. Tofauti pekee kati ya 1932 na 1936 ni kwamba Porbandar alikuwa na aibu na Vizzy hakuwa nayo. Bodi ya kriketi inayotegemea aibu ya mtu binafsi ili mambo yake yaende sawa haina haki ya kulalamika siku aibu hiyo ikikosekana.

Na hiyo Bodi ndiyo inayotoroka katika kila simulizi ya Vizzy. Iliundwa mwishoni mwa 1928, ikiwa haina kitu, na mkono mtupu haulambwi. Fedha walikuwa nazo wakuu wa majimbo ya kifalme, nao walitoa kwa masharti yao. MCC ilipofuta ziara yake ya India ya 1930 na 1931 kwa sababu ya machafuko ya kisiasa, Vizzy alitumia fedha zake kuunda timu na kuwaleta nyota wa England, Jack Hobbs na Sutcliffe. Patiala alipotoa kombe la dhahabu kwa jina la Ranjitsinhji, mwanamfalme wa Kihindi aliyeichezea England, Vizzy akatoa la kwake kwa jina la Lord Willingdon, Makamu wa Mfalme wa Uingereza nchini India. Hawa hawakuwa mashabiki wa kawaida. Walishindania kriketi jinsi walivyoshindania vyeo vya ikulu, na Bodi iliwashika wote kwa mikono miwili. Unahodha wa 1936 kwanza ulielekezwa kwa Nawab wa Pataudi, na alipojitoa ukapigiwa kura. Wajumbe wa vyama vya mikoa walikuwa na jina la Nayudu mbele yao, wakalipita na kumchagua Vizzy. Anayesema "alijipatia unahodha kwa fedha zake" anasahau kwamba kila anayenunua amekutana na muuzaji.

Mambo yanadhihirika zaidi katika kisa cha Amarnath. Juni 1936, katika mechi dhidi ya Minor Counties pale Lord's, aliambiwa avae pedi, kisha wengine wakatangulizwa mmoja baada ya mwingine hadi siku ikaanza kuisha. Aliporudi katika chumba cha kubadilishia nguo alitoa maneno makali kwa Kipunjabi. Kabla ya Testi ya kwanza alikuwa melini kurudi nyumbani. Simulizi husema: wivu wa Vizzy. Sawa, ulikuwapo. Lakini meneja wa timu alikuwa Meja Jack Brittain-Jones, afisa wa Kiingereza aliyetoka katika nyumba ya Willingdon, na adhabu ile ilipita mikononi mwake. Wachezaji wenzake walimwombea, haikusaidia. Bodi nyumbani, ambayo rais wake alikuwa Nawab wa Bhopal, haikumrudisha Uingereza. Amarnath alikuwa kijana wa familia ya kawaida aliyelelewa Lahore, bila jimbo, bila kasri, bila mtu wa kumpigia simu Makamu wa Mfalme. Kumfukuza mtu kama huyo hakukuhitaji uovu wa pekee. Kulihitaji sahihi mbili na kimya cha wengine.

Mwezi uliofuata, ziara ikiendelea, Vizzy alikwenda kasri la Buckingham kupokea cheo cha "Sir" kutoka kwa Mfalme. Waandishi wa Kiingereza wamekuwa wakicheka kisa hicho tangu wakati huo, kana kwamba upanga ule uliogusa bega lake ulishikwa na Mhindi. Kicheko chao kina kinaya kingine pia. England yenyewe wakati huo haikumruhusu mchezaji wa mshahara kuwa nahodha wake. Waungwana na wachezaji wa kulipwa waliingia uwanjani kwa malango tofauti. Wally Hammond, aliyepiga 217 dhidi ya India pale Oval, ilibidi aache kulipwa ndipo akapewa unahodha mwaka 1938. Len Hutton ndiye mchezaji wa mshahara wa kwanza katika karne ile kupewa wadhifa huo rasmi, nayo ilikuwa 1952. Desturi ya kumtanguliza mtu wa ukoo na kumweka nyuma anayejua kazi haikuzaliwa Vizianagram. Wana wa wafalme wa India waliivaa kwa madoido zaidi, basi.

Inabaki tume. Januari 1937 ilitoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Sir John Beaumont, Jaji Mkuu wa Bombay. Ilimsafisha Amarnath, ikaueleza unahodha wa Vizzy kuwa wa maangamizi: hakujua kuwapanga wadakaji, hakujua lini abadilishe mrushaji, na hakuwa na mpangilio wa kudumu wa wapigaji. Yote kweli. Ndiyo maana ripoti hiyo hunukuliwa kama neno la mwisho. Lakini kilichofuata kinaonyesha ilivyotumiwa. Lawama zilipopata jina moja, vyama vilivyopiga kura vikabaki vilevile, na ziara iliyofuata Uingereza, mwaka 1946, ikakabidhiwa kwa nani? Kwa Nawab wa Pataudi. Pataudi alikuwa mpigaji wa kweli, aliyewahi kupiga mia katika Testi yake ya kwanza akiichezea England. Hilo halina ubishi. Lakini Merchant, aliyekuwa chini yake kama makamu, alipata mikimbio 2,385 katika ziara hiyo. Ziara tatu za Testi nchini Uingereza kabla ya uhuru zilipewa manahodha watatu wa damu ya kifalme, na mmoja tu kati yao ndiye anayekumbukwa kama kosa.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa 1949. Wakati huo utawala wa Kiingereza umekwisha, majimbo ya kifalme yameunganishwa na jamhuri inayojengwa, na Amarnath ndiye nahodha wa India, tayari ameiongoza timu huko Australia. Rais wa Bodi ni Anthony de Mello, mtu wa ofisi, si wa kasri. Bodi hiyo ikamsimamisha Amarnath kwa madai ya utovu wa nidhamu. Shtaka lilelile, mtu yuleyule, miaka 13 baadaye, na Vizzy hakuwa na mkono wowote ndani yake. Kama tabia ya mwanamfalme mmoja ndiyo iliyomfukuza Amarnath mwaka 1936, ni tabia ya nani iliyomsimamisha 1949?

Vizzy naye hakukaa nje daima. Mwaka 1954 wajumbe wa Bodi walipiga kura tena, kama walivyopiga kabla ya ziara, wakamfanya rais wao, huku Amarnath akiongoza kamati ya uteuzi wa wachezaji. Mwaka 1958 taifa likamtunuku nishani ya Padma Bhushan. Akawa mbunge, akawa mtangazaji wa kriketi redioni, akafariki mwaka 1965, na mashindano ya timu za vyuo vikuu za kanda yaliyosimamiwa na Bodi hiyo yakaitwa Kombe la Vizzy.